Binti wa gauni la njano ni nani?

Toleo lililopita tuliweka kwenye jalada la nyuma picha ya msichana aliyeegemea mto mkubwa, anasoma kitabu. Ni kazi ya Mfaransa Jean-Honoré Fragonard, ya mwaka 1769 hivi, rangi za mafuta kwenye kanvasi. Nisiwafiche: tuliiweka kwa sababu tangazo lililokuwa likae pale halikufika. Imeleta barua kuliko chochote nilichowahi kuandika hapa kuhusu fremu na vanishi. Nimechagua chache. Walioulizia mshona gauni lile, poleni, sina namba yake.

*Shikamoo Mwalimu. Huyo msichana ni nani hasa? Mume wangu anasema ni binti wa mfalme. Mimi nasema ni mfanyakazi wa ndani aliyejiiba kidogo mwenye nyumba alipotoka. Tumebishana mpaka chai ikapoa.*
*Mama wa watatu, Tanga*

Marahaba, Mama. Pasheni chai, maana hakuna aliyeshinda. Jina lake halijulikani mpaka leo, na si kwa kukosa watu wa kulitafuta.

Fragonard alichora mfululizo wa picha za namna hii. Kanvasi zinakaribiana ukubwa, sentimita 80 kwa 65 hivi. Mtu ni mmoja, kuanzia kiunoni kwenda juu, amevaa mavazi ya kuigizia, na nyuma yake hakuna kitu. Wataalamu wanaziita picha za njozi. Kwa miaka mingi watu walizipachika majina kwa kukisia tu. Moja iliyoko Louvre, jumba la makumbusho la Paris, ya mzee anayefunua kurasa za kitabu, iliitwa Diderot, yule mwanafalsafa, na watu wakaridhika. Halafu Juni 2012 ikatokea karatasi kwenye mnada mjini Paris. Ina vichoro 18 vidogo, na chini ya vingi pameandikwa jina kwa mkono. Vingi vya vichoro vinafanana na picha za njozi zinazojulikana. Chini ya kile cha "Diderot" jina halikuwa la Diderot. Hapo ndipo watu wakakumbuka kumtazama macho: wa kwenye picha ana macho ya buluu, na Diderot macho yake yalikuwa ya kahawia. Mwaka huohuo Louvre wakatangaza kwamba si yeye. Macho yalikuwa pale ukutani muda wote huo!

Binti wetu naye ana kichoro chake kwenye karatasi ile, na hilo likamaliza ubishi mmoja wa zamani. Wapo waliokataa kumhesabu kwenye mfululizo kwa sababu wenzake wamegeuza shingo, wanatazama nje ya fremu kwa majivuno, ilhali yeye kakaa ubavu na hana habari na mtu. Lakini jina hatukulipata.

Sasa kaa vizuri, kwa sababu chini ya uso ule kuna uso mwingine.

Picha hii ilipigwa eksirei kama mfupa uliovunjika. Nyeupe ya zamani ilitengenezwa kwa madini ya risasi, na risasi huzuia miale, kwa hiyo palipopakwa nyeupe nyingi hujitokeza hata pakifunikwa. Kikaonekana kichwa cha pili. Baadaye wanasayansi wa jumba la sanaa la taifa kule Washington, inakotunzwa picha hii, wakatumia vifaa vinavyoonyesha kila madini yamekaa wapi ndani ya rangi. Nyekundu ya ngozi enzi hizo ilikuwa na zebaki, na ukifuata zebaki unafuata mashavu na midomo. Walichokuta ni mwanamke ametugeukia, na kichwani ana pambo kubwa la manyoya. Fragonard alimfunika yule, akachora juu yake kichwa kinachoinamia kitabu.

Kwa hiyo Mama, ukiniuliza ni nani, nami nitakuuliza: yupi, wa juu au wa chini? Mimi niliyewahi kuambiwa na mteja "huyu si mimi" nina dhana yangu kuhusu aliyefunikwa, lakini dhana ya fundi si ushahidi.

Suala la mfanyakazi wa ndani nalo lina jibu. Ile kola nyeupe ya marinda shingoni haikuwa vazi la mtu yeyote mwaka 1769. Ni mtindo wa zaidi ya karne moja nyuma yake. Wafaransa wa wakati wa Fragonard waliupenda kwenye dansi za kujigeuza na jukwaani, wakiuita wa Kihispania. Huyu amevalishwa ili achorwe. Mwambie mumeo hata ubinti wa mfalme hautoki hapo.

*Mwalimu, mimi nachora tingatinga Msasani. Nimesoma kwamba picha hizi za Fragonard zilichorwa kwa saa moja. Nikajaribu kuiga lile gauni kwa rangi yangu ya kopo, linatoka bapa tu, halina uhai. Tatizo ni mkono wangu au rangi?*
*Kijana wa brashi, Dar es Salaam*

Rangi, mwanangu. Na barua yako ndiyo niliyokuwa naisubiri, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Rangi ya kopo imetengenezwa ijilaze yenyewe. Ukipaka mlango hutaki mistari ya brashi ibaki, kwa hiyo kiwandani wameipa utelezi wa kujisawazisha kabla haijakauka. Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 na rangi hizo kwenye hadibodi, alizielewa: akatumia nyuso bapa, kingo kali, nukta juu ya nukta. Ule mtindo unaisikiliza rangi yake. Ukiilazimisha rangi ileile ikutolee mikunjo ya hariri, unaionea.

Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa na mafuta ya kitani au ya jozi. Haijilazi. Ulivyoiacha ndivyo inavyobaki, na tuta la brashi litakaa miaka 250. Fragonard hakuwa na tyubu. Tyubu ya bati ilibuniwa mwaka 1841. Rangi ilisagwa kwa jiwe, ikafungwa kwenye vibofu vya nguruwe. Na nyeupe ile ya risasi ilikuwa nzito, yenye kuvutika chini ya brashi. Usiitafute, ni sumu. Nyeupe ya titani ya dukani inatosha kujifunzia, ingawa ni laini zaidi na haiachi alama zilezile.

Nilisimama mbele ya picha hii Washington nilipokwenda kumsalimia binti yangu. Kuingia ni bure, na askari anakuvumilia usogee mpaka pua iwe karibu, kisha anakohoa. Simama hatua nne nyuma uone mkono wa gauni: hariri ya rangi ya limau, imejaa, inang'aa. Sogea. Hariri inayeyuka. Kuna mpako mmoja mpana wa njano, pembeni yake kahawia ambayo haikulainishwa kabisa, na juu mikwaruzo ya nyeupe iliyochanganyika na njano ikiwa bado mbichi. Anapakia brashi, anashuka mara moja, anainua. Hakurudia. Ungerudia mara ya pili, zile rangi zingechanganyika zikawa tope, na nadhani hapo ndipo gauni lako wewe lilipofia.

Ila kitu kilichoniweka pale ni kola. Marinda yake hayakuchorwa kwa nyeupe juu ya nyeupe. Alipaka nyeupe nzito, kisha akageuza brashi, akakwaruza kwa ncha ya mti wake. Kila rinda ni mfereji. Mwanga wa chumba unaingia kwenye mifereji ile na kuweka kivuli chake wenyewe. Ni kazi ya muda mfupi sana, na nimeona watu wakihangaika wiki nzima na brashi nyembamba ili kupata kilekile na wasikipate.

Sasa linganisha na uso. Shavu, kope iliyoinama, pua: pale amepunguza mwendo, rangi ni laini, hakuna mkwaruzo. Vilevile mkono ulioshika kitabu. Vidole vimeinuka, kidole cha mwisho kimetengwa na wenzake kama cha mtu anayeshika kikombe cha kahawa kwa adabu. Anajua jicho lako litatua usoni na mkononi, kwa hiyo kazi ya makini kaiweka pale, kwingine kakuachia umalizie mwenyewe.

Na tazama alivyogawa rangi. Gauni la njano. Mto ni wa waridi unaoelekea zambarau. Utepe wa kichwani, wa shingoni na wa kifuani ni zambarau. Njano na zambarau zikikaa jirani kila moja inamkuza mwenzake. Njano hiyohiyo iweke juu ya mto wa kijani uone itakavyolala.

Kuhusu ile saa moja. Chanzo chake ni karatasi ya zamani iliyobandikwa nyuma ya picha nyingine ya mfululizo huu, iliyoko Louvre. Inasema ni sura ya Bwana de La Bretèche, imechorwa na Fragonard mwaka 1769 kwa muda wa saa moja. Mimi nasadiki, kwa masharti. Kanvasi iwe imeshapakwa rangi ya msingi na kukauka. Nyuma kuwe hakuna kitu cha kuchora. Mchoraji awe na mkono uliofunzwa miaka 20, kama wake. Chini ya masharti hayo, saa moja kwa kiwiliwili na kichwa inawezekana, mbichi juu ya mbichi. Lakini binti wa kitabu usimhesabu humo: picha yenye vichwa viwili haikuchorwa kwa mkao mmoja.

Ukitaka zoezi, nunua tyubu nne tu: nyeupe, njano ya limau, okra (njano ya udongo) na kahawia. Chukua brashi bapa ya manyoya magumu, upana wa inchi moja. Usiweke tina, rangi iache nzito kama ilivyotoka. Tundika kitambaa cha njano kwenye kiti karibu na dirisha, weka saa ya simu dakika 40, na usirudie mpako hata mmoja. Ikiharibika ikwangue kwa kisu uanze tena. Baada ya hapo iache pembeni, usiiguse. Rangi ya kopo hukauka usiku mmoja, hii itataka siku kadhaa, na palipo nene wiki na zaidi. Wenzako watakuja kuijaribu kwa kidole. Wanakuja daima.

*Anasoma nini?*
*Mpenda vitabu, Iringa*

Hakisomeki. Mistari ya maandishi ni milia ya kijivu tu, nimeitazama kwa karibu kuliko askari alivyopenda. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kitabu chenyewe ni kidogo, cha kushikika kwa mkono mmoja, na riwaya za Ufaransa ya wakati ule zilichapwa kwa ukubwa huo. Kitabu cha dini au cha sheria angekilaza mezani. Kwa hiyo riwaya, ukinibana. Mkao wake nao si wa mtu anayetafuta kifungu.

*Mwalimu, shikamoo. Sisi tumefundishwa kwamba Rococo, mtindo wa huyo Fragonard, ilikuwa sanaa ya matajiri wavivu kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa, mapambo bila fikra. Kwa nini gazeti letu linaitangaza?*
*Mwanafunzi wa chuo cha ualimu, Morogoro*

Marahaba. Uliyefundishwa hayo hukudanganywa, ila ulipewa nusu. Hata wakati huohuo wapo waliolalamika. Diderot, huyohuyo wa macho ya kahawia, alimshambulia François Boucher mwaka 1765 kwa maneno makali sana kuhusu wachungaji wake wa uongo na mashavu yao ya kupakwa. Boucher ndiye aliyemfunza Fragonard.

Lakini tazama njia ya mtu huyu. Baba yake alikuwa mtengeneza glavu, Grasse, kusini mwa Ufaransa. Akiwa na miaka 20, mwaka 1752, alishinda tuzo ya kupelekwa Roma. Mwaka 1765 alionyesha picha kubwa ya kuhani na kafara, mambo ya Wagiriki, na ikanunuliwa kwa ajili ya mfalme. Mlango wa sanaa nzito ulikuwa wazi. Akauacha, akaenda kuchorea watu binafsi picha za bustani, mapenzi na bembea. Mnamuita mvivu, mimi naona mtu aliyejua mkono wake unataka nini. Picha kubwa za historia zinataka mpango na subira. Yeye alikuwa na kasi, na kasi ile isingepata pa kukaa kwenye kafara la Kigiriki.

Nakubali lakini: matajiri wale ndio waliomlisha, nao hawakuwa waungwana siku zote. Madame du Barry, kipenzi cha mfalme Louis wa 15, alimwagiza picha kubwa za mapenzi kwa ajili ya nyumba yake ya Louveciennes, kisha akazikataa. Leo ziko New York, watu wanapanga foleni kuzitazama. Mapinduzi yalipokuja wateja wake walikimbia nchi au walikatwa vichwa, du Barry mwenyewe akiwemo, Desemba 1793. Aliyemsaidia Fragonard kupata kazi kwenye jumba jipya la makumbusho la Louvre ni Jacques-Louis David, mchoraji wa Mapinduzi, ambaye sanaa yake ndiyo iliyoizika Rococo. Alikufa Paris mwaka 1806, na wachache walijali.

Kuhusu fikra: nchi ilikuwa na wanawake waliochorwa kwa maelfu, karibu wote wakitazama anayewatazama, wamepambwa kwa ajili yake. Hapa kuna mmoja aliyekuwa hivyo mwanzoni, na manyoya kichwani. Mchoraji akamfuta, akaweka mwingine mwenye shughuli zake. Kama hiyo si fikra, basi niambie uliiona wapi. Andika insha yako, nitaisoma. Usiniandikie "Rococo ni sanaa ya anasa" kwenye sentensi ya kwanza.

*Nina saluni Mombasa, nimeipenda picha hii sana. Naweza kuichapa kubwa niiweke ukutani bila kushtakiwa? Na itagharimu?*
*Bi Saluni, Majengo*

Ichape, bibi, usiogope. Mwenyewe amekufa tangu 1806, haki za nakala zilikwisha zamani. Jumba la Washington linaitoa picha kwenye tovuti yake bure, faili kubwa, hata kwa biashara. Chukua ile, usichukue picha ya jalada letu wala ya kwenye simu. Ukiikuza itavunjika vipande. Vipimo halisi ni sentimita 81.1 kimo na 64.8 upana, na nakushauri ubaki humo. Ukiifanya ukuta mzima zile brashi zitakuwa fagio. Mwambie mchapaji asiongeze njano, maana wote wanaongeza; ile ni limau, si embe. Na isitazamane na mvuke wa draya.

Asili yenyewe usiiulizie bei. Mwaka 1961 iliuzwa mnadani New York kwa dola 875,000, na dola za 1961 si hizi. Ailsa Mellon Bruce aliitoa kwa jumba hilo kwa kumbukumbu ya baba yake, na haitatoka tena.

*Nimenunua Gikomba picha ya msichana anasoma, ileile kabisa ya jalada lenu, fremu ya dhahabu, mistari ya brashi naishika kwa vidole. Shilingi 1,500. Muuzaji anasema ilitoka Ulaya kwenye nyumba ya wazee. Jirani anasema nisiiuze kabla hujaniambia kitu.*
*Mwenye bahati, Nairobi*

Jirani ana busara, lakini usianze kupanga matumizi. Ile ya kweli umeshajua iko wapi.

Inabaki kujua kama ni nakala iliyochorwa kwa mkono au chapa, na hilo unaweza mwenyewe leo jioni. Chukua kioo cha kukuzia, au kamera ya simu uivute mpaka mwisho, utazame shavu. Ukikuta vinukta vidogo vilivyopangwa kwa safu, buluu, njano na wekundu, ni chapa. Mistari unayoishika isikubabaishe: kuna chapa zinazomiminiwa vanishi nzito na kupitiwa na brashi juujuu ili zidanganye vidole. Dawa yake ni kuwasha tochi ya simu ubavuni na kufuata matuta. Kwenye picha iliyochorwa, tuta linakwenda na rangi: mkunjo wa gauni ukigeuka, na tuta linageuka. Kwenye vanishi ya kudanganyia matuta yanakwenda yanakotaka, yanakatisha shavu, yanapanda kwenye nywele. Kisha tazama kola. Mtu aliyenakili kwa mkono, hata fundi wa kawaida, mara nyingi atajaribu kuikwaruza marinda kama Fragonard. Pitisha ukucha polepole uone kama kuna mfereji.

Geuza nyuma. Kitambaa cha kufumwa au karatasi ngumu iliyogongwa muhuri wa mfumo wa kitambaa? Misumari au pini za stepla? Kuna lebo ya duka, namba, jina la mji? Usifute kitu, hata vumbi, na usijaribu kuisafisha kwa maji, kitunguu wala mkate, hata kama mtandaoni wamekuambia. Nakala nzuri ya mkono ya karne ya 19 ni mali, inafaa kupelekwa kwa mtu anayezijua kabla hujaipokea ofa yoyote. Ikiwa ni chapa, fremu peke yake inaweza kurudisha hizo 1,500.

Nitumie picha ya mgongo wake. Ya mbele nimeshaiona.